Mnakili Aliyeruka Mstari

Kitabu cha Bart Ehrman, Misquoting Jesus, kilitoka mwaka 2005, na kimesomwa na watu wengi ambao hawakuwa na haja yoyote na uhakiki wa matini. Hapa kwetu wengi hawajakisoma, ila wamekisikia. Pita kwenye mihadhara ya dini, ile ya uwanjani ambapo ustadhi na mchungaji wanapeana zamu ya kipaza sauti, utasikia hoja zake bila jina lake. Kwamba tofauti kati ya nakala za Agano Jipya ni nyingi kuliko maneno yaliyomo ndani yake. Kwamba kisa cha mwanamke mzinzi hakikuwemo. Kwamba mwisho wa Marko umeongezwa. Upande mmoja unapiga takbiri, upande wa pili unajibu kwa takwimu yake: nakala za Kigiriki zilizobaki ni zaidi ya 5,000, leteni kitabu kingine cha kale chenye ushahidi kama huo! Kisha jua linazama, viti vinakusanywa, watu wanarudi makwao. Hakuna aliyeona hata ukurasa mmoja wa hizo nakala.

Mimi nataka tuzungumzie kurasa. Lakini kwanza nikitendee haki kitabu.

Ni kitabu kizuri. Nimekisoma mara tatu, na mara zote tatu nimekipenda kwa sababu ileile: Ehrman anajua kumweka msomaji kwenye kiti cha mnakili, mtu aliyeinama juu ya ngozi au mafunjo kwa saa nyingi, macho yanauma, herufi zimeshikana bila nafasi kati ya neno na neno. Anaeleza kwa lugha nyepesi jinsi kosa linavyozaliwa, jinsi linavyorithiwa na nakala inayofuata, na jinsi mtu aliyekuja baadaye anavyolisahihisha kwa kuongeza kosa jingine. Hajifanyi kwamba haya ameyagundua yeye. Alifundishwa na Bruce Metzger pale Princeton, yule ambaye kitabu chake The Text of the New Testament cha mwaka 1964 kimefundisha kazi hii kwa vizazi kadhaa vya wanafunzi.

Sasa angalia jambo hili, maana ndilo lililonifanya niandike. Mwaka huohuo wa 2005 lilitoka toleo la nne la kitabu cha Metzger, na jina la mwandishi wa pili kwenye jalada ni Bart Ehrman. Mtu yuleyule, mwaka uleule, nakala zilezile. Kitabu kimoja kikaenda vyuoni na hakuna aliyekosa usingizi. Kingine kikaenda madukani na watu wakaanza kupigana. Kwa hiyo ushahidi peke yake hautoshi kueleza mtikisiko ule. Inabidi tuangalie namna ya kusimulia, na hapo ndipo sisi wasomaji wa fasihi tunapata kazi.

Misquoting Jesus kinaanza na maisha ya mwandishi mwenyewe. Kijana anaokoka, anaenda chuo cha Biblia cha Moody, halafu Wheaton, halafu Princeton. Kila hatua anajifunza zaidi, na kila hatua uhakika wake unapungua. Kilele ni insha aliyoandika kuhusu sura ya pili ya Marko, penye tatizo la jina la kuhani Abiathari. Akahangaika kurasa nyingi kuonyesha kwamba Marko hakukosea, na mwalimu wake akamwandikia mwishoni mwa insha kwamba labda Marko alikosea tu. Ni tukio zuri sana kisimulizi. Tatizo ni kwamba baada ya hapo kila nakala inayotajwa inasomwa chini ya kivuli cha tukio hilo. Mnakili akiruka neno, kijana wa Princeton anapoteza kitu. Mnakili akiongeza neno, kijana anapoteza tena. Kitabu kizima kinakuwa simulizi ya upotevu, na msomaji anafunga jalada akiamini kwamba hati za kale ndizo zilizomtoa Ehrman kanisani. Sivyo. Katika God's Problem cha mwaka 2008 anaeleza mwenyewe kwamba kilichomtoa ni swali la mateso ya wanadamu. Hati zilimwondolea imani kwamba kila neno limelindwa lisiguswe. Kumwamini Mungu kulimshinda kwa njia nyingine. Huku kwetu mambo haya mawili yanachanganywa kila siku.

Mimi ni mwandishi wa habari, na ninakiri kwamba swali linaloendesha kitabu hiki ni swali la chumba cha habari: alisema nini hasa? Mhariri wangu wa kwanza alikuwa anagonga meza kwa kalamu: nukuu ni nukuu, ukibadilisha neno moja umemwekea mtu maneno mdomoni. Ni swali zuri kama una kinasa sauti. Kwa Marko hatuna kinasa sauti, hatuna hata daftari lake. Tuna watu waliomnakili, na watu walionakili kutoka kwa hao, na wote walikuwa wasomaji kabla ya kuwa wanakili.

Basi tufungue ukurasa. Gombo kubwa la Isaya lilipatikana kwenye pango karibu na Bahari ya Chumvi, sehemu ya Qumran, mwaka 1946 au 1947, na wavulana wa Kibedui waliokuwa wakichunga mifugo. Ni vipande 17 vya ngozi vilivyoshonwa pamoja, urefu wake unapita mita 7, lina safu 54 na ndani yake kuna kitabu chote cha Isaya, sura zote 66. Liliandikwa zaidi ya miaka 100 kabla ya Kristo. Kabla ya hapo, hati kamili ya Biblia ya Kiebrania ambayo wasomi waliitegemea zaidi ilikuwa ile inayoitwa Kodeksi ya Leningrad, ya mwaka 1008. Hesabu mwenyewe: gombo lile liliwarudisha nyuma kwa zaidi ya miaka elfu moja kwa mkupuo. Jumba la Makumbusho la Israeli limeliweka mtandaoni tangu 2011, picha safi unaweza kuivuta mpaka uone vinyweleo vya ngozi.

Nenda safu ya 33. Hapo ni sura ya 40, penye maneno maarufu kuhusu majani yanayokauka na ua linalonyauka. Katika Kiebrania tunachokijua, usemi huo unakuja mara mbili, karibukaribu. Mnakili wa gombo aliandika mara ya kwanza, akainua macho kuangalia hati aliyokuwa akiinakili, na macho yakatua kwenye mara ya pili. Akaendelea kuanzia hapo. Yote yaliyokuwa katikati yakaachwa. Kila aliyewahi kuchapa habari upya kutoka kwenye karatasi anaujua mchezo huu wa macho. Nimewahi kuona gazeti moja likitoka na hotuba ya waziri iliyopungua aya nzima kwa sababu aya mbili zilianza na "aidha, serikali". Baadaye akaja mtu mwingine, mwandiko wake unaonekana wazi kuwa si uleule, akayabana maneno yaliyoachwa juu ya mstari, nafasi ikamwishia, akashuka nayo pembeni mwa safu. Na alipofika kwenye jina la Mungu, zile herufi nne, hakuliandika. Aliweka nukta nne.

Sijui kama kuna kitu kwenye fasihi ya dunia kinachonigusa kama zile nukta nne. Huyu mtu anarekebisha uzembe wa mwenzake, ana haraka, hana nafasi, lakini mkono wake unakataa kuandika jina lile kama anavyoandika jina la mtu mwingine. Mwenzake alikuwa ameliandika kwenye safu hizohizo bila wasiwasi. Wasomaji wawili, adabu mbili, ngozi moja. Na mahali penyewe walipokutania ni aya inayosema kwamba majani hukauka na neno la Mungu hudumu! Mtunzi wa riwaya akibuni hivyo tutamwambia amezidisha.

Kuna tatizo zaidi. Tafsiri ya kale ya Kigiriki, ile ya Sabini iliyofanywa na Wayahudi kabla ya Kristo, nayo haina maneno hayo ya katikati. Kwa hiyo mambo mawili yanawezekana. Huenda wanakili wawili, mahali tofauti, waliteleza kwenye ganda lilelile, maana ganda lenyewe lilikuwa linateleza. Au huenda kulikuwa na Isaya mfupi, na mnakili wetu hakuruka chochote. Aliandika alichokiona, na aliyekuja baadaye "kumsahihisha" alikuwa na hati ndefu zaidi mkononi. Wataalamu hawajakubaliana. Nikiwa kwenye uwanja wa mhadhara ningeulizwa: ni kosa au si kosa? Na jibu la ukweli ni kwamba kabla hujaita kitu kosa lazima ujue kilikuwa kinakosea nini, na hapo ndipo ngoma inapolala.

Ehrman haingii huku, kwa sababu kitabu chake ni cha Agano Jipya. Simlaumu kwa hilo, mtu haandiki kila kitu. Lakini upande wa Kiebrania ndio ungemlazimisha abadilishe sauti. Chukua Yeremia. Katika Kigiriki kitabu hiki ni kifupi kwa takribani sehemu moja ya saba, na unabii dhidi ya mataifa umewekwa mahali pengine kabisa. Kwa muda mrefu watu walisema mfasiri alikuwa mvivu. Halafu mwaka 1952 likapatikana pango la nne la Qumran, na ndani yake vipande vya Yeremia kwa Kiebrania: vingine vinafuata umbo refu, vingine umbo fupi. Pango moja, jamii moja ya wasomaji, Yeremia wawili, na hakuna dalili kwamba yeyote alimfukuza mwenzake. Na kitabu chenyewe kinatuambia sababu, kama tungekisoma kama wasomaji badala ya mahakimu: katika sura ya 36 mfalme anakata gombo kwa kisu na kulitupa motoni, na Baruku anaandika jingine kwa kuamriwa na nabii, na tunaambiwa kwamba safari hii yaliongezwa maneno mengi mengine. Yaani ndani ya Yeremia kuna hadithi ya toleo la pili la Yeremia, lililoongezwa. Emanuel Tov, ambaye kitabu chake kuhusu uhakiki wa matini ya Biblia ya Kiebrania ndicho wanachoanzia wengi, amelieleza suala hili kwa subira kubwa. Tov hachekeshi na hasikitishi. Ni mkavu kama karanga za jana, lakini ukitoka kwake huwezi tena kutamka neno "asilia" kirahisirahisi.

Hata Goliathi! Gombo la Samweli kutoka pango hilohilo linampa mikono minne na shibiri, si sita na shibiri. Ni jitu la kama mita mbili, ambalo leo lingecheza mpira wa kikapu na lisishangaze mtu. Nani alimrefusha, au nani alimfupisha, ni mjadala. Ila mimi kama msomaji nashuku kwamba hadithi za watoto hufanya kazi yake hata kwenye ngozi.

Turudi kwa Ehrman, kwenye sehemu yake bora kuliko zote. Ni Marko 1:41. Mtu mwenye ukoma anakuja, anapiga magoti, anasema ukitaka unaweza kunitakasa. Biblia zetu za Kiswahili zinasema Yesu alimhurumia. Nakala karibu zote za Kigiriki zinasema hivyo, na neno linalotumika linatokana na jina la viungo vya ndani, matumbo na maini. Ni karibu na uchungu wetu, ule unaoweza kuwa wa moyo na unaoweza kuwa wa uzazi. Lakini Kodeksi ya Beza, iliyoandikwa kama mwaka 400, Kigiriki upande wa kushoto na Kilatini upande wa kulia, inasema kitu kingine pande zote mbili: alikasirika.

Kwa hesabu ya kura, Beza na wenzake wachache wanashindwa vibaya. Lakini Ehrman anauliza swali la msomaji hodari. Kama mwanzoni ilikuwa huruma, nani angeigeuza kuwa hasira, na kwa faida gani? Kama mwanzoni ilikuwa hasira, ni rahisi kuelewa kwa nini mtu mwema aliyeinama juu ya ngozi angeona haiwezekani na kuandika huruma. Halafu anawageukia Mathayo na Luka. Wote wawili wanasimulia kisa hiki, karibu kwa maneno yaleyale ya Marko, na wote wawili wanapofika kwenye neno hili hawana hasira wala huruma. Wamelipita. Mtu huipitaje huruma? Hasira ndiyo unayoipita kimyakimya, kama unavyopita mbele ya mlango wa jirani wanaogombana. Na Marko huyuhuyu, aya mbili mbele, anamfanya Yesu amwonye mtu yule kwa ukali na kumwondoa mara moja.

Sijashawishika asilimia mia, kwa sababu Beza ni hati yenye tabia zake, inapenda njia yake. Lakini hizo kurasa za Ehrman ni uhakiki wa fasihi wa kiwango cha juu. Hapo hatangazi upotevu. Anamsoma Marko kama mwandishi mwenye sauti yake, mkwaruzo wake, Yesu wake asiyetabirika, na anawasoma wanakili kama watu waliotaka kumpenda Yesu huyo kwa namna wanayoijua. Ningetoa nusu ya kitabu kwa ajili ya sura kumi za namna hiyo.

Kinyume chake ni habari ya Erasmus. Kuna maneno katika 1 Yohana 5 kuhusu mashahidi watatu wa mbinguni, ambayo wahubiri wa Utatu waliyapenda sana. Hayamo kwenye nakala za kale za Kigiriki. Erasmus hakuyaweka katika matoleo yake ya 1516 na 1519, kisha akayaweka katika toleo la 1522. Hadithi inayosimuliwa ni kwamba alipolaumiwa aliahidi kuyaweka kama ataletewa hata nakala moja ya Kigiriki yenye maneno hayo, na wajanja wakamtengenezea. Ehrman anaisimulia, kweli kwa tahadhari ya "husimuliwa", lakini anaisimulia kwa raha zote. Mtaalamu wa Uholanzi, Henk Jan de Jonge, alikuwa ameichunguza ahadi hiyo tangu mwaka 1980 na kuonyesha kwamba maandishi ya Erasmus mwenyewe hayaiungi mkono. Nakala yenyewe ipo, iko Dublin, na ni ya wakati wake Erasmus. Hilo halina ubishi. Ila ahadi ni uzushi mtamu. Na hapa inabidi nicheke kidogo: kitabu kinachoonya kuhusu watu wanaonakili mambo matamu bila kuyakagua, nacho kimenakili jambo tamu.

Shangazi yangu, mwalimu mstaafu, msomaji wa Biblia wa kila asubuhi, alisikia mahubiri ya kujibu mihadhara kwenye redio, kisha akanipigia simu. Alikuwa na swali moja tu. "Mwanangu, kwa hiyo yule mama hakuwepo?" Alimaanisha mwanamke wa Yohana 8, yule aliyeletwa apigwe mawe. Nikamwambia, shangazi, kisa hicho hakimo katika nakala za kale kabisa za Yohana: hakimo kwenye mafunjo mawili ya mwanzo, hakimo kwenye Kodeksi ya Sinai wala ya Vatikani. Nakala nyingine zinakiweka mwisho wa Yohana, na kundi moja linakiweka ndani ya Luka. Akanyamaza. Nikaendelea: lakini Didymus wa Aleksandria, mwalimu kipofu wa karne ya 4, alikifahamu kisa cha mwanamke kama huyu, na Eusebio anasema Papias, mtu wa mwanzoni mwa karne ya 2, alisimulia habari ya mwanamke aliyeshtakiwa mbele ya Bwana kwa dhambi nyingi. Huenda kilikuwa kinazunguka midomoni, kikitafuta kitabu cha kukaa. Shangazi akafikiri, akasema: "Aah. Kwa hiyo alikuwa mgeni, wakamkaribisha."

Hilo silo jibu la mwanahistoria, na Ehrman angeweza kumrekebisha vizuri, maana aliandika makala ya kitaalamu kuhusu Didymus na kisa hiki mwaka 1988. Lakini yeye na shangazi wana ushahidi mmoja mkononi. Mmoja anaona kitu kilichopenyezwa, mwingine anaona mgeni aliyekaribishwa. David Parker wa Birmingham, katika The Living Text of the Gospels cha mwaka 1997, anakaa karibu zaidi na shangazi. Anachukua Sala ya Bwana na maneno ya Yesu kuhusu talaka, anaweka nakala mbalimbali bega kwa bega, na anaonyesha kwamba tofauti hizo zilitokana na watu waliokuwa wakiishi na maneno hayo, wakiyasali, wakigombana kwa ajili ya ndoa zao. Kwake matini ni kitu kilicho hai, na kutafuta umbo moja la mwanzo pekee ni kukataa kusikia wengine wote waliosema. Sisi wa Kiswahili tusishtuke. Nakala za Inkishafi kwa herufi za Kiarabu hazilingani kwa idadi ya beti wala mpangilio, na hatujawahi kumwambia mtu kwamba Inkishafi ni ya uongo.

Bado nina ugomvi na Parker pia. Mtu aliyesikia kwenye mimbari kwamba kila neno ni la Mungu, na akajenga uamuzi mzito wa ndoa yake juu ya neno moja kuhusu talaka, ana haki ya kuuliza neno lipi. Kumwambia kwamba matini ni hai ni kama kumwambia mgonjwa kwamba dawa zina historia ndefu. Ehrman angalau anakubali kwamba swali linauma. Parker anaandika kama mtu ambaye hajawahi kuulizwa na shangazi.

Lakini Parker ana kitu kimoja ambacho Ehrman hana: anatupeleka kwenye hati yenyewe. Alikuwa miongoni mwa walioongoza kazi ya kuiweka Kodeksi ya Sinai mtandaoni, iliyokamilika 2009. Hati hiyo ya karne ya 4 imegawanyika sehemu nne duniani. Tischendorf alichukua laha 43 kutoka monasteri ya Mtakatifu Katerina mwaka 1844 akazipeleka Leipzig, akarudi 1859 na sehemu kubwa ikaenda kwa mfalme wa Urusi. Serikali ya Kisovieti ikaiuza kwa Makumbusho ya Uingereza mwaka 1933 kwa pauni 100,000. Na mwaka 1975 watawa wakapata vipande vingine nyumbani kwao. Tischendorf alidai kwamba kurasa za kwanza alizikuta kwenye kikapu zikisubiri kuchomwa. Watawa hawajawahi kukubali hadithi hiyo, na mimi namwamini mwenye nyumba kabla ya mgeni aliyeondoka na mizigo.

Mtandaoni zile sehemu nne zinakaa pamoja. Kurasa nyingi zina safu nne nyembamba, herufi kubwa zisizoachana, na majina matakatifu yamefupishwa na kuwekewa mstari juu. Pembeni na juu ya mistari kuna masahihisho ya mikono mingi ya karne nyingi. Nenda mwisho wa Yohana. Mnakili alimaliza kwenye aya ya 24 ya sura ya 21, akachora pambo la kufungia kitabu. Kisha akafuta pambo, akaongeza aya ya 25, ile inayosema kwamba kama mambo yote yangeandikwa dunia isingetosha vitabu, akachora pambo upya chini yake. Ilichukua mwanga wa urujuani wa Makumbusho ya Uingereza kuonyesha alama zilizofutwa. Kigiriki changu ni cha kujifunza usiku baada ya kazi, lakini herufi kubwa za Sinai zinasomeka ukizizoea kwa wiki moja, na tovuti inakupa maandishi ya kawaida pembeni ya picha.

Halafu tafuta picha za Kodeksi ya Vatikani, mwisho wa Marko. Wanawake wanakimbia kutoka kaburini, hawamwambii mtu yeyote, kwa maana waliogopa. Sentensi ya mwisho katika Kigiriki inaishia kwenye neno dogo la kiunganishi, sawa na "kwa maana". Sinai nayo inaishia hapohapo. Lakini mnakili wa Vatikani baada ya hapo anaacha safu nzima tupu, jambo ambalo si kawaida yake akimaliza kitabu katika Agano Jipya. Wengine wanasema alijua kuna mwisho mrefu na akauachia nafasi. Wengine wanasema ni mpangilio wa kazi tu. Kwa Kiswahili utaona alama ya jambo hili kama mabano ya mraba au maelezo madogo chini ya ukurasa, ambayo wengi tunayapita bila kuyaona. Fungua Marko 16 kwenye Biblia yoyote iliyo nyumbani, angalia mabano yanaanzia wapi, kisha fungua ile picha ya safu tupu kwenye simu. Faili ni zito. Subiri mahali penye waifai.